Ndege za Angani na Daftari la Mtunza Stoo

Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1940, Wizara ya Anga ya Uingereza ilitangaza kwamba marubani wake wametungua ndege 185 za Wajerumani kwa siku moja. Magazeti yaliibeba namba hiyo kwa herufi kubwa, na kwa taifa lililokuwa likingoja kuvamiwa wakati wowote, habari hiyo ilitia moyo kuliko hotuba. Vita vilipokwisha, makaratasi ya jeshi la anga la Ujerumani yakakusanywa na kusomwa, na namba ikasinyaa. Ndege zilizopotea siku ile zilikuwa kati ya 56 na 61, kutegemea unazihesabuje zile zilizojikokota hadi nyumbani zikiwa hazifai tena. Kwa kila ndege tatu zilizodaiwa, mbili hazikuanguka. Jibu la haraka ni kusema serikali ilidanganya. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na serikali iliyo vitani ina kila sababu ya kuvutia. Lakini marubani wale walijaza ripoti kila walipotua, ripoti hizo zimehifadhiwa, na waliozichambua hawakukuta genge la waongo. Walikuta vijana waliochoka wakieleza walichoamini wamekiona. Hoja ninayotaka kuijenga hapa ni kwamba idadi inayoandikwa mbele ya jina la rubani wa vita ni uamuzi wa ofisi juu ya ushahidi uliofika mezani, na kila ofisi ilikuwa na kanuni zake. Ndege zilizoanguka kweli zilihesabiwa kwingine, upande wa pili wa vita, na mtu asiyepewa nishani: mtunza stoo wa adui.

Tuanze na macho ya rubani mwenyewe. Spitfire au Hurricane ya mwaka 1940 ilikuwa na bunduki 8 na risasi za kufyatua kwa takriban sekunde 15, basi. Rubani alizitumia kwa vipande vya sekunde mbili mbili, akiwa mwendo wa zaidi ya kilomita 450 kwa saa, huku shingo ikizunguka kutazama nani yuko nyuma yake. Aliyeng'ang'ania kuifuata kwa macho ndege aliyoipiga mpaka igonge ardhi alikuwa anakaribisha kifo, na wakufunzi walilisisitiza hilo. Kwa hiyo mara nyingi kabisa alichokiona ni mwanzo wa anguko: adui anapinduka, anapiga mbizi, anatoa moshi mweusi, anazama mawinguni. Na hapo ndipo penye mtego. Messerschmitt 109 ilikuwa na injini iliyopulizia mafuta moja kwa moja kwenye silinda, hivyo rubani wake aliweza kuinamisha pua ghafla na kupiga mbizi bila injini kukata. Akisukuma mafuta yote kwa mkupuo, bomba za moshi hutema wingu jeusi. Mjerumani anayekimbia salama salimini na Mjerumani anayekufa walifanana mno kwa nyuma. Dakika tano baadaye mmoja alikuwa anavuka mlango wa bahari kurudi Ufaransa, na katika daftari la Waingereza alikuwa amekwisha kuandikwa marehemu.

Kosa la pili ni la kuhesabu kitu kimoja mara nyingi. Watoto wanne wakirusha mawe kwenye embe moja kwa wakati mmoja na embe likaanguka, kila mmoja atakwenda nyumbani akisema ndiye aliyelitungua, na hakuna atakayekuwa anadanganya. Siku ile ile ya Septemba, ndege ya mabomu aina ya Dornier ilitengana na wenzake juu ya London ikiwa imejeruhiwa. Marubani kadhaa waliishambulia kwa zamu, kila mmoja akiona vipande vikiruka kutokana na risasi zake. Mwishowe Ray Holmes, bunduki zake zilipokwisha nyamaza, aliigonga mkiani kwa bawa la Hurricane yake, naye akaruka kwa mwavuli. Dornier ilianguka kwenye stesheni ya treni ya Victoria, katikati ya jiji, mchana kweupe, mbele ya macho ya maelfu. Hakuna mabaki yaliyo wazi kuliko hayo, na bado kugawa sifa yake kwa haki hakuwezekani, maana ilikuwa imekwisha pigwa na wengi kabla Holmes hajaifikia. Watafiti wa vita hivi wameona mkondo unaojirudia: kadiri ndege zilivyokuwa nyingi katika kipande kimoja cha anga, ndivyo madai yalivyoukimbia ukweli. Rubani aliyepambana peke yake na adui mmoja alikosea mara chache.

Mfano uliokithiri hautoki hata kwa marubani. Tarehe 17 Agosti 1943, Wamarekani walituma ndege 376 aina ya B-17 kushambulia viwanda vya Regensburg na Schweinfurt ndani kabisa ya Ujerumani. Sitini hazikurudi. Wapiga rashasha waliokuwa ndani ya ndege zile, kila moja ikiwa na watu kumi, walidai kutungua ndege 288 za Kijerumani, na hesabu za Wajerumani wenyewe zinaonyesha walipoteza takriban 27. Tofauti ya mara kumi! Mjerumani mmoja aliyepita katikati ya kundi alipigwa kutoka ndege ishirini, akaonekana na macho arobaini, na akiporomoka aliweza kufa mara nane kwenye ripoti za jioni. Makamanda wa Kimarekani walijua namba ni kubwa mno. Waliziacha zibaki kwa sababu vijana waliokuwa wanapoteza wenzao wengi kwa safari moja walihitaji kuamini kwamba adui naye analipa.

Baada ya macho huja karani, na hapa ndipo ulinganisho wa mabingwa wa nchi mbalimbali unapovunjika. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wafaransa waliwapa marubani wote walioshirikiana kutungua ndege moja sifa kamili ya ndege hiyo, kila mtu moja nzima. Wajerumani walishikilia kwamba ndege moja ina mshindi mmoja. Waingereza waliingiza kwenye hesabu hata ndege iliyoonekana ikianguka bila kudhibitiwa, ingawa hakuna aliyeiona ikifika chini, na katika vita vya pili wakaja na sehemu: nusu, robo, theluthi. Kwa hiyo ukiweka ndege 75 za Mfaransa René Fonck kando ya 80 za Mjerumani Manfred von Richthofen na 72 za Mkanada Billy Bishop, umeweka pamoja vipimo vitatu tofauti na kuviita namba. Mahali pengine karani alikuwa mhasibu. Wamarekani wa kujitolea waliopigania China mwaka 1941 na 1942 walilipwa dola 500 kwa kila ndege ya Kijapani, na mtu anayelipa hutaka uthibitisho. Gregory Boyington, aliyekuja kuwa maarufu baadaye katika jeshi la wanamaji, alisema ametungua ndege 6 akiwa huko, lakini daftari la malipo halikumtambulia zote. Nalichukulia daftari hilo kwa uzito kuliko vitabu vingi vya sifa.

Jiografia nayo ilimpendelea mmoja na kumnyima mwingine. Marubani wa Uingereza wa 1916 hadi 1918 waliagizwa kuvuka mstari na kupigana upande wa Wajerumani. Aliyemtungua adui huko aliyaacha mabaki mikononi mwa adui, na aliporudi hakuwa na kitu isipokuwa maneno yake. Wajerumani walipigana juu ya ardhi waliyoishikilia, hivyo von Richthofen aliweza kumtuma mtu akakate namba ya ndege kutoka kwenye kitambaa cha bawa. Ndiyo maana katika orodha ya ushindi wake 80, sehemu kubwa sana imelinganishwa na Waingereza wanaojulikana kwa majina, siku na saa. Bishop hana bahati hiyo. Alfajiri ya tarehe 2 Juni 1917 aliruka peke yake, na aliporudi na matundu ya risasi katika ndege yake alisema ameshambulia kiwanja cha ndege cha Wajerumani na kutungua tatu zilizojaribu kupaa. Alipewa Victoria Cross, nishani kuu kuliko zote za Uingereza, bila shahidi hata mmoja, na nyaraka za Kijerumani zilizobaki haziungi mkono hadithi yake. Filamu ya Kanada ya mwaka 1982 iliyotilia shaka safari hiyo iliwasha hasira hadi Seneti ya nchi hiyo ikaichunguza filamu yenyewe. Kwangu, kelele zile zilikosea shabaha. Ukimya wa nyaraka zilizoungua nusu haumfanyi mtu kuwa mwongo, wala nishani haimfanyi kuwa mkweli. Kuna madai yasiyo na njia ya kupimwa, na la Bishop ni mojawapo.

Msomaji anaweza kupinga kwamba tatizo lilikuwa ulegevu tu, na kwamba kanuni kali zingelimaliza. Wajerumani wa Vita vya Pili hutajwa sana hapa. Fomu yao ya kudai ndege ilikuwa na maswali 21: saa, mahali, kimo, aina ya ndege, ilianguka vipi, nani shahidi wa angani, nani wa ardhini. Fomu ilipanda hadi wizarani Berlin na jibu liliweza kuchukua mwaka mzima. Nakubali kwamba ukali huo ulisaidia. Lakini fomu hupima ukamilifu wa maneno, na maneno ya shahidi wa angani ni ya rafiki aliyekuwa akipigania uhai wake mwenyewe umbali wa kilomita moja. Mwaka 1942 katika jangwa la Misri, kikundi cha marubani wanne wa kikosi cha Kijerumani cha JG 27 kilijaza fomu safi kwa muda wa wiki kadhaa, kila mmoja akimshuhudia mwenzake, mpaka wenzao wakashuku kwamba risasi zilikuwa zinaishia mchangani. Hasara za Waingereza hazilingani na madai yao, na kikundi kikavunjwa. Udanganyifu wa aina hii ulikuwa nadra. Ninautaja kwa sababu unaonyesha kwamba fomu yenye maswali 21 ilipita mikononi mwa makarani bila kugundua lolote. Waliogundua ni watu waliokuwa wanaruka anga lile lile.

Basi kamera? Vita vya Korea, 1950 hadi 1953, ndiyo mahali pa kuijaribu hoja hiyo. Ndege za Marekani aina ya Sabre zilikuwa na kamera iliyoanza kurekodi rubani anapobonyeza kifyatulio. Kwa ushahidi wa filamu hizo Marekani ilitangaza MiG-15 zipatazo 792 zilizotunguliwa, dhidi ya Sabre 78 zilizopotea katika mapambano ya angani, yaani kumi kwa moja. Filamu, hata hivyo, huonyesha risasi zikigonga, na MiG ilikuwa ndege ngumu iliyopigwa na bunduki za wastani. Nyingi zilipigwa vizuri mbele ya kamera kisha zikavuka mto Yalu kurudi China, mahali ambapo Wamarekani walikatazwa kuzifuata. Wasovieti waliokuwa wakirusha MiG hizo kwa siri walikuwa na kanuni iliyoonekana bora zaidi, kwani walituma watu ardhini kutafuta mabaki. Nao walidai karibu Sabre 650, wakati Marekani nzima ilipoteza Sabre zisizofika 250 katika vita vile kwa sababu zote, ajali zikiwemo. Jumla ya madai ya kikosi chao cha 64 ilifika ndege 1,106, na walikiri kupoteza 335 zao. Pande mbili, teknolojia mbili, utaratibu mkali kila upande, na zote mbili zimepotoka kuelekea kule kule.

Kinachobaki ni kitabu cha aliyepigwa. Kila jeshi la anga lina ofisa ambaye kazi yake ni kujua asubuhi ya leo kuna ndege ngapi zinazoweza kuruka, ngapi ziko gereji, ngapi hazitarudi tena. Hamwandikii mwandishi wa habari. Anaandika kwa sababu anaomba ndege mpya, na asipoandika hasara hapewi. Ripoti za aina hii za Ujerumani ziliandika uharibifu kwa asilimia, na ndege iliyoharibika kwa asilimia 60 au zaidi ilihesabiwa imepotea. Ni karatasi kavu mno, zenye namba za injini na majina ya waliokufa, na ndizo zilizoipunguza 185 ikawa 60. Mtu atauliza kwa haki kabisa: kwa nini tumwamini adui katika hasara zake huku tukimtilia shaka katika ushindi wake? Kwa sababu ni watu wawili tofauti. Msemaji wa jeshi la Ujerumani alidanganya kuhusu hasara kila siku. Mtunza stoo hakuweza, maana marubani kumi wasio na ndege wangemwumbua kesho yake. Tena majina ya waliokufa yanaangaliwa dhidi ya makaburi na barua zilizotumwa kwa mama zao.

Hata hivyo sitaki kukifanya kitabu hicho kuwa msahafu. Ndege iliyopigwa ikafika nyumbani na kuvunjika ikitua, je, ni ajali au ni ushindi wa adui? Ofisa aliandika alivyoona vyema, na majeshi yote yalikuwa na tabia ya kuficha vidonda ndani ya safu ya ajali. Saa za Berlin na za London hazikwenda pamoja. Marubani wa Kijerumani waliona afadhali kusema wamepigana na Spitfire kuliko Hurricane, kwa hiyo ripoti zao zimejaa Spitfire mahali ambapo hapakuwa na hata moja. Vingi vya vitabu hivyo viliungua mwaka 1945. Na kuna mpaka ambao hata kitabu kizima hakiwezi kuuvuka: kinasema ndege ngapi hazikurudi, hakisemi nani alizipiga.

Ugiriki, Aprili 1941, kitabu kilichopotea kilikuwa cha waliodai ushindi. Marmaduke Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa katika jeshi la anga la Uingereza, huenda ndiye rubani wa Jumuiya ya Madola aliyetungua ndege nyingi kuliko wote katika vita vile. Alikufa tarehe 20 Aprili katika pambano kubwa juu ya Athens, siku chache kabla Waingereza hawajakimbilia baharini, na nyaraka za kikosi chake zikapotea katika mbio hizo. Hesabu yake inatajwa kati ya 40 na 60, na ya 51 hurudiwa zaidi. Katika pambano hilo hilo alikuwemo kijana aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Shell hapa Dar es Salaam hadi vita vilipoanza, akajifunza urubani Nairobi: Roald Dahl, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa vitabu vya watoto. Yeye huhesabiwa ndege tano. Ila Dahl anatufundisha zaidi kwa tukio jingine. Septemba 1940 aliangukia jangwani baada ya kupewa mahali pasipo sahihi pa kutua na mafuta kumwishia. Mwaka 1942 makala yake katika jarida la Kimarekani ilieleza kwamba alitunguliwa. Wengine husema kichwa cha habari kilikuwa cha wahariri. Iwe hivyo au sivyo, adui ambaye hakuwepo aliingia kwenye maandishi, na kwa miaka mingi akabaki humo.

Von Richthofen mwenyewe alipofikwa na mauti tarehe 21 Aprili 1918 karibu na mto Somme, mabaki yalikuwepo, mwili ulichunguzwa na madaktari, mashahidi walikuwa mamia. Sifa ilipewa rubani Mkanada, Roy Brown. Njia ya risasi mwilini inaelekeza zaidi kwa wapiga rashasha wa Australia waliokuwa chini.

Upo upinzani wa mwisho, na ndio mzito kwa hisia: kwamba kuwahesabia upya marehemu ni kuwavunjia heshima, na kwamba baada ya miaka themanini tofauti ya ndege 5 au 15 haina maana. Kuhusu heshima, anayeonyesha kwamba rubani alikosea kwa sababu za macho na moshi amemtetea dhidi ya wale wanaomwita mwongo. Kuhusu maana, waulizwe waliopanga vita kwa namba hizo. Agosti 1940 majasusi wa jeshi la anga la Ujerumani walijumlisha madai ya marubani wao, wakayatoa kwenye jumla ya ndege za Uingereza, wakapata kwamba zimebaki kama 300 zinazoweza kuruka. Zilikuwa zaidi ya 600. Kila wiki walingoja kuona Spitfire za mwisho, na kila wiki zikaja nyingine. Hugh Dowding, aliyeamuru ndege za kivita za Uingereza, alipobanwa kuhusu namba zinazopingana alijibu kwa maana hii: kama hesabu za Wajerumani ni za kweli watakuwa London ndani ya wiki moja, kama si za kweli hawatakuwa.

Wajapani walilipa zaidi. Oktoba 1944, karibu na Taiwan, marubani wao wengi wakiwa wanafunzi wa juzi walishambulia meli za Marekani jioni na usiku. Waliona miali ya moto baharini na kurudi na habari za ushindi. Tokyo ikatangaza kuzamisha meli 11 za kubeba ndege. Haikuzama hata moja. Sehemu kubwa ya miali ile ilikuwa ndege za Kijapani zenyewe zikiungua juu ya maji. Jeshi la nchi kavu, likiamini adui amekwisha vunjika, liliacha mpango wa kuvingoja vita kisiwani Luzon na kupeleka askari Leyte, ambako meli zilizodaiwa kuzama zilikuwa zikiwangoja.

Siku hizi kuna setilaiti na simu yenye kamera katika kila mfuko, na bado rubani wa kubuni aliyeitwa Mzimu wa Kyiv alitungua ndege za Urusi mitandaoni kwa miezi miwili kabla jeshi la anga la Ukraine halijakiri, Aprili 2022, kwamba hakuwepo. Pakistan inamsifu M. M. Alam kwa kutungua Hunter tano za India tarehe 7 Septemba 1965, nyingi zake ndani ya nusu dakika; India inakubali hasara pungufu ya hizo. Februari 2019 zamu ikageuka. India ilisema Abhinandan Varthaman ameitungua F-16 kabla ndege yake mwenyewe haijapigwa, ikamtunuku nishani ya Vir Chakra. Pakistan ilikana. Wiki chache baada ya pambano hilo jarida moja la Kimarekani liliandika, likiwanukuu maofisa wa nchi hiyo iliyoziuza ndege zile, kwamba F-16 za Pakistan zimehesabiwa na hakuna iliyopungua. India haikukubali, ikaonyesha picha za rada zake. Rada huonyesha alama iliyotoweka kwenye kioo, na alama hutoweka kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa ni rubani kushuka chini ya vilima na kwenda nyumbani.